Chati ya Slaidi na Soko la Owino: Uhakiki wa Lugha ya Takwimu katika Mawasilisho ya Sera

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna chati zinavyoundwa na kupambwa katika programu za mawasilisho, kwa kutumia biashara ya mitumba katika soko la Owino, Kampala, kama mfano. Inajengwa hoja kwamba chati ni tamko lenye kiima na kiarifu. Mtafiti anayeiachia programu imchagulie jina, kipimo na mizani huwa ameikabidhi hoja yake yenyewe.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walielekeza uingizaji wa nguo na viatu vya mitumba uondolewe hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru iliyokuwa ikitolewa kwa mavazi ya Rwanda. Agosti 2023, Rais Yoweri Museveni alitangaza upya azma ya kuzipiga marufuku nguo hizo nchini Uganda. Mjadala wa aina hii unapofika mbele ya washauri wa sera, hufika ukiwa umebebwa na slaidi, na katikati ya slaidi huwa kuna chati. Riziki ya wachuuzi wa Owino, soko lililo jirani na uwanja wa Nakivubo na ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, hupimwa kwa picha inayotazamwa kwa dakika moja au mbili. Kwa hiyo picha hiyo inastahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote.

2.0 Jina na Kitu Kinachotajwa

Mtumba, kwa asili ya neno, ni mzigo uliofungwa. Neno la Kiganda mivumba nalo linaelekea huko huko. Lugha zote mbili zimeipa bidhaa jina la kifurushi chake. Forodha nayo hukihesabu kifurushi hicho: nguo zilizokwisha kuvaliwa huorodheshwa chini ya namba 6309 ya mfumo wa kimataifa wa uainishaji wa bidhaa, na huweza kupimwa kwa uzito. Lakini kazi ya Owino huanza pale robota linapokatwa kamba. Nguo huchambuliwa kwa madaraja, hupunguzwa au kushonwa upya, hupigwa pasi, kisha huuzwa mojamoja. Malipo ya mbeba mzigo, fundi cherehani na mpiga pasi hayamo katika tani za forodha.

Kwa sababu hiyo, chati ya tani iliyopewa kichwa “Ukubwa wa Biashara ya Mitumba” inadai zaidi ya inachokijua. Kichwa “Uzito wa nguo zilizovaliwa zilizoingizwa nchini, kwa tani” hakina mvuto mkubwa, ila ni cha kweli.

Programu nayo huchangia kosa hili. Katika PowerPoint, chati mpya huja na jedwali la mfano lenye tarakimu za kubuni na majina ya jumla ya makundi na mifululizo. Mtumiaji hubadilisha tarakimu, kisha huacha majina yalivyo au huyafasiri neno kwa neno. Ufunguo wa chati unaosomeka “Mfululizo wa 1” ni Kiswahili kwa sura tu. Haumwambii msomaji lolote. Istilahi zetu wenyewe huongeza utata, kwani neno mhimili hutumika kwa nguzo za chati na pia kwa mstari wa kipimo. Hapa linatumika kwa mstari wa kipimo peke yake. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili tangu 2004. Menyu, basi, zinaweza kusema Kiswahili. Kinachosalia ni wajibu wa anayeandika ndani yake.

3.0 Mizani na Umbo

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba mwaka mmoja ziliingia tani 100 na uliofuata tani 96. Mhimili wima ukianza kwenye 90, nguzo ya kwanza itakuwa na urefu wa vipimo 10 na ya pili 6. Jicho litaona anguko la asilimia 40, ilhali upungufu ni asilimia 4. Programu huweza kuuanzisha mhimili juu ya sifuri yenyewe, pale tarakimu zinapokaribiana. Kwa kuwa nguzo husomwa kwa urefu wake, ni lazima isimame juu ya sifuri. Grafu ya mstari husomwa kwa mwinamo, hivyo inaweza kuanzia kwingine mradi jambo hilo litajwe waziwazi.

Chati duara, iliyotumiwa na William Playfair mwaka 1801, inafaa kwa sehemu mbili au tatu. Utafiti wa Cleveland na McGill (1984) ulionyesha kwamba watu hulinganisha nafasi juu ya mizani moja kwa usahihi zaidi kuliko pembe. Madaraja mengi ya nguo yakigawanywa katika duara, kisha duara likalazwa kwa mapambo ya pande tatu, kipande cha mbele hukua machoni bila sababu.

4.0 Uhakika wa Tarakimu

Owino hutajwa mara kwa mara kuwa na wachuuzi 50,000. Namba kamili kama hiyo ina dalili zote za makadirio. Katika sentensi, maneno “takriban” na “inakadiriwa” huilinda. Ikishakuwa nguzo, hupata ukingo mkali sawa na wa tarakimu iliyohesabiwa, na tahadhari hupotea. Iwapo haina budi kuchorwa, neno “makadirio” liandikwe juu ya nguzo yenyewe, si katika maelezo ya chini yasiyosomeka ukumbini.

5.0 Hitimisho

Edward Tufte (2003) aliilaumu programu ya mawasilisho kwa kudhoofisha fikra. Lawama hiyo ina msingi, lakini programu hiyo hiyo ina nafasi ya kichwa, ya kipimo na ya chanzo. Anayeziacha tupu ni mwandishi. Ni kweli kwamba mshauri mwenye dakika chache anahitaji picha iliyorahisishwa. Hata hivyo, kurahisisha hakuhalalishi kukiita kitu jina lisilo lake.

Inapendekezwa kwamba kabla ya kuchagua rangi, kila chati iandikwe kwanza kwa sentensi moja kamili ya Kiswahili: ni kitu gani, kwa kipimo gani, wapi, lini, na nani aliyehesabu. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, sentensi hiyo ina mahali pa kusomwa. Mchuuzi wa Owino akisomewa asiione kazi yake ndani yake, chati haijawa tayari kupelekwa kwa wanaoamua hatima ya kazi hiyo.