Jiko Lililoingia Bila Hodi

Katika filamu ya katuni ya Kijapani inayoitwa Arrietty kuna tukio la dakika chache ambalo watazamaji wengi hulipokea kama tendo la upendo. Mvulana wa miaka 12, Sho, anabandua mbao za sakafu. Chini yake anakuta nyumba ya watu ambao kimo chao ni kama sentimita 10. Analiinua paa lao kwa mikono miwili, analing'oa jiko la zamani lenye vyombo vya kuungaunga, na mahali pake analipachika jiko jipya lililotolewa kwenye nyumba ya wanasesere: kabati zenye milango, sufuria zinazong'aa, vyombo halisi vya kupikia. Mama mwenye nyumba, Homily, anaona ukuta wake ukiondoka. Anatetemeka. Halafu paa linarudishwa, kimya kinarudi, na familia ile inabaki na jiko zuri kuliko lolote iliyowahi kuwa nalo. Baba anaamua papo hapo kwamba lazima wahame.

Nimeitazama filamu hii mara nne sasa, na naamini kila kitu ndani yake kinaizunguka ile dakika ya paa. Mengine ni mazuri sana, lakini ni ya kusindikiza.

Kwa ambaye hajaiona: ilitoka Japani mwaka 2010, kutoka studio ya Ghibli. Aliyeiongoza ni Hiromasa Yonebayashi, na hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza kama mwongozaji. Hayao Miyazaki aliandika mswada pamoja na Keiko Niwa. Hadithi ilitoka kwenye kitabu cha watoto cha Mwingereza Mary Norton kilichochapishwa mwaka 1952, kuhusu watu wadogo wanaoishi chini ya sakafu za binadamu na kujipatia riziki kwa vitu ambavyo wenye nyumba hawatagundua kuwa vimepungua: pini, uzi, biskuti iliyovunjika. Wenyewe wanasema hawaibi. Wanaazima.

Hapo ndipo Mswahili anaanza kuguna. Sisi tunatenganisha kuazima na kukopa. Panga la jirani unaliazima, kwa sababu litarudi panga lile lile. Sukari unaikopa, kwa sababu ikishaingia kwenye chai hairudi, utalipa nyingine. Baba yake Arrietty anachukua sukari ambayo hatairudisha wala hatailipa, kwa mtu ambaye hakuombwa. Kwa Kiswahili chetu hilo lina jina lake, na jina lenyewe halipendezi. Wajapani wametoka kwa njia nyingine: neno lao la kuazima, kari, linatamkwa sawa na neno la kuwinda. Yonebayashi ameusikia mwangwi huo, maana usiku ambao Arrietty, binti wa miaka 14, anatoka kwa mara ya kwanza na baba yake unaonyeshwa kama safari ya porini. Baba anapanda mguu wa meza kwa gundi ya utepe aliyoibandika viganjani na miguuni. Binti anachomeka pini kiunoni kama upanga. Jiko la binadamu limetulia gizani kama pango, na saa ya ukutani inapiga kwa kishindo kinachokufanya ushike pumzi. Mpaka leo sijaona filamu nyingine iliyonifanya niogope friji.

Safari hiyo inaharibika kwa kipande kimoja cha sukari. Sho yuko macho kitandani, anamwona Arrietty nyuma ya karatasi ya tishu, na binti anaiangusha sukari. Kesho yake mvulana anaiweka karibu na tundu la hewa, pamoja na kikaratasi cha kumjulisha kwamba aliisahau. Ni wema mdogo. Arrietty anaikataa. Anapanda mpaka dirishani kwake kumrudishia, na kumwomba awaache kama walivyo.

Norton alipotoa kitabu chake, sukari Uingereza ilikuwa bado ya mgawo. Mgawo huo ulikwisha mwaka 1953. Kipande cha sukari kilikuwa na uzito ambao mtoto wa leo hauoni. Wazee wetu wanauona bila kuelezwa, kwa sababu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya themanini, foleni za sukari na sabuni, na duka la kijiji lililofunguliwa siku bidhaa ilipofika. Mtu aliyepita huko anajua kwamba sukari huja na mtu anayeigawa, na anayegawa anakufahamu wewe, anafahamu nyumba yako, na anaweza kuhesabu mko wangapi.

Mara ya tatu niliitazamia Unyambwa, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida lakini ambayo kwa sehemu kubwa bado inaishi kwa mtama, uwele na alizeti. Niliwawekea watoto wa ndugu zangu kwenye kompyuta, huku nikiwatafsiria kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyaturu. Bibi alikuwa pembeni anachambua mboga, akijifanya haangalii. Paa lilipoinuliwa watoto walishangilia. Bibi akauliza, "Huyo kijana mbona hajapiga hodi?"

Watoto wakacheka. Mmoja akamwambia, "Bibi, hao wako chini ya sakafu, atapigaje hodi?"

"Si anaongea na yule binti kila siku dirishani? Angemwambia, nenda kamwambie mama yako nina jiko, analitaka?"

Nimesoma maandishi kadhaa kuhusu filamu hii, na sijakuta aliyeifikia kwa ufupi hivyo. Tatizo la Sho halikuwa ukosefu wa njia. Njia alikuwa nayo, walishazungumza. Tena Homily mwenyewe alikuwa akilitamani jiko la namna hiyo. Nyumba ile ya wanasesere iliagizwa miaka mingi nyuma na baba mzazi wa Sadako, mdogo wa bibi yake Sho, kutoka kwa mafundi wa Uingereza, kwa matumaini kwamba siku moja watu wadogo wangehamia humo. Mtoaji alitaka kutoa na mpokeaji alitamani kupokea. Kilichokosekana ni neno moja la mlangoni, na kwa kukosekana kwake zawadi ikageuka tetemeko la ardhi.

Hodi si adabu tu. Ukiipiga, unamwachia aliye ndani nafasi ya kutojibu. Kwenye nyumba za tembe, ambazo zamani zilikuwa nyingi upande wetu, paa lilikuwa bapa, la udongo uliomwagwa juu ya miti, na mlango ulikuwa mfupi kiasi kwamba mtu mzima aliingia ameinama. Awe mkubwa kiasi gani, aliinama kwanza. Sho hakuwa na mlango wa kuinamia, akaingia kwa juu.

Sisi tunawajua walioingia kwa juu. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Mamilioni ya watu walihamishwa nchini kote. Nia ilikuwa ile ile ya Sho: maji, shule, zahanati, vitu ambavyo watu walivitamani kweli na ambavyo ilikuwa vigumu kuwafikishia wakiwa wametawanyika. Sehemu nyingine nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Sina nia ya kumfanya Mwalimu kuwa mwovu. Shule niliyosoma mimi isingekuwepo bila kijiji kile. Lakini ninapomwona Homily amejibana ukutani huku mkono mkubwa na mpole ukipita juu ya kichwa chake, siwezi tena kuitazama filamu hii kama hadithi ya Japani peke yake.

Wachaga wana watu wadogo wao, Wakonyingo, wanaosimuliwa kuwa wanaishi juu Kilimanjaro, wenye vichwa vikubwa kupita miili yao. Katika masimulizi yao mtu anayefika huko anawadhania kuwa watoto kwa sababu ya kimo, anasubiri wakubwa waje. Anasubiri bure, wakubwa ndio hao hao. Wakikuyu nao wanawasimulia Gumba, watu wafupi waliokaa kwenye mashimo ardhini kabla yao, kisha wakatoweka. Masimulizi haya mawili yananisaidia kuona kitu kinachomponza Sho. Anampenda Arrietty, lakini anaishughulikia familia yake kama watoto, watu wanaofanyiwa mambo. Na kuna siku anamsimulia binti habari za Gumba bila kulijua jina lao: kwamba jamii yake inakwisha, kwamba binadamu ni bilioni sita na zaidi na wao ni wachache mno. Anasema kwa sauti ya utulivu, kama anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Arrietty anamjibu kwa hasira kwamba hawatakwisha hivi hivi. Ndipo mvulana anapokiri kwamba anayetazamia kufa ni yeye mwenyewe. Moyo wake unasubiri upasuaji. Ni mazungumzo bora kuliko yote katika filamu, kwa sababu hapo kwa mara ya kwanza wote wawili wanalingana kimo.

Ninachoilaumu filamu ni Haru, mtumishi wa nyumba ile. Yeye ndiye anayeufungua tena ule ule mfuniko wa sakafu, anamkamata Homily, anamfungia kwenye chupa na kuwapigia simu wauaji wa panya. Amechorwa wa kuchekesha na wa kuchukiza, uso kama chura aliyeshiba. Lakini hebu tumwangalie. Sho na Haru wote wanabandua ubao, na wote wanaushika mwili au nyumba ya mtu bila kuulizana naye. Tena nyayo ambazo Haru anazifuata ni za Sho. Bila jiko lile kuhamishwa asingejua pa kutafuta. Filamu inamsamehe mtoto wa wenye nyumba na kumbebesha dada wa kazi ubaya wote. Kwa wanaojua namna wasichana wengi wa mikoa yetu wanavyoishi kwenye majumba ya mijini, wakilala karibu na stoo na kulaumiwa kila kijiko kinapopotea, mgao huu wa lawama unakera. Haru ndiye mtu pekee mle ndani ambaye sukari ikipungua yeye ataulizwa.

Hata hivyo Yonebayashi anajua alichokifanya kuhusu sukari. Alfajiri ya mwisho, familia ikiwa safarini, Sho anamkuta Arrietty kwenye uzio wa bustani. Safari hii haweki kitu chini na kuondoka. Anakitoa kipande cha sukari mfukoni, anampa mkononi, naye anakipokea. Arrietty anavua kibanio anachofungia nywele, anampa. Kinubi cha Cécile Corbel kinapiga kwa utamu uliozidi kidogo kwa masikio yangu, lakini tendo lenyewe halina kasoro: kitu kwa kitu, ana kwa ana, mchana.

Na kuna kitu nilichokigundua mara ya nne tu. Baada ya Haru kushindwa kuonyesha ushahidi wake, bibi Sadako anaiangalia ile nyumba ya wanasesere ambayo baba yake alikufa bila kuona ikitumika. Anakuta ndani ya buli dogo la chai majani mabichi, bado yananukia. Homily alikuwa amepika chai. Katika siku zile chache kati ya paa kuinuliwa na kuhama, akiwa na hofu yote ile, aliwasha jiko alilotupiwa na akalitumia.

Nilipomwambia bibi, alitikisa kichwa. "Angefanyaje," akasema, "na watoto wanataka chai?"