Kony 2012 na shuka la Lira

Jumamosi tuliitazama Kony 2012 kwenye simu yangu, mimi na vijana saba, hapa Rusizi. Ni dakika 30. Ilipotoka Machi 2012, ikatazamwa mara milioni 100 ndani ya siku sita, hawa walikuwa bado watoto.

Niseme ukweli, imetengenezwa vizuri, hata mimi nilishikwa. Lakini angalieni nani anaongea. Jason Russell, Mmarekani wa shirika la Invisible Children, anamweleza mtoto wake mdogo Kony ni nani, na sisi tunafundishwa pamoja na yule mtoto. Jacob, kijana wa Uganda aliyeuliwa ndugu yake, tunamkumbuka kwa kulia tu. Kwamba LRA ilishatoka Uganda inapita haraka haraka. Na Makombo, kule Haut-Uele kwetu Kongo, walikouawa watu zaidi ya 300 Desemba 2009? Sikusikia hilo jina.

Mwezi uleule, mjini Lira, kaskazini mwa Uganda, shirika la wenyeji lilitundika shuka jeupe uwanjani ili walioumizwa na vita waione filamu wenyewe. Wakaja wengi. Mwisho wakakasirika, mawe yakarushwa, maonyesho mengine yakasimamishwa. Kilichowauma sana ni zile fulana: jina la Kony kifuani mwa mtu, eti ndiyo kumpinga! Kwangu mimi, hakuna aliyeihakiki filamu hii kuliko wale watu wa Lira. Ila waliulizwa wa mwisho.

Kijana mmoja akanibishia: "Kaka, bila kelele zao nani angejua?" Ana haki. Kelele za mashirika hayo zilisaidia kupata sheria Marekani mwaka 2010, na mwaka uliofuata Obama akatuma askari kama 100, filamu haijatoka bado. Nguvu wanayo, sikatai. Mimi nauliza kibali cha kutusemea walipewa na nani.

Mwaka jana mgeni wa shirika moja, jina silitaji, alirekodi hadithi ya dada mmoja wa kikundi chetu. Dada alitia sahihi kwenye karatasi ya Kiingereza, lugha asiyoisoma. Mpaka leo hajaiona hiyo video.

Kama mgeni yule anasoma hapa: shuka tunalo, na ukuta upo.