Njia ya Kurudi

Juzi nilisimama Sirari nikitazama lori lililokuwa likivuta tela kuelekea Isebania. Dereva alipokanyaga breki, taa nyekundu ya kulia ilififia, na indiketa iliyo jirani yake ikawaka nayo, kwa mwanga hafifu. Ugonjwa huo hauhitaji kipimo. Ethi ya tela imeoza; umeme umekosa njia ya kurudi kwenye betri, ukapenya kwenye balbu ya jirani.

Aliyenifundisha kuusoma hakuwa na karakana. Alikuwa na benchi, kivuli cha mti na sanduku la nyaya kando ya barabara ya Tarime. Kazi alijifunza miaka ile mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa, 1977 hadi 1983, waya ukichunwa kwenye gari bovu na kunyooshwa kwa vidole ili utumike tena. Labda ndiyo maana sikumwona akitupa hata kipande.

Siku moja wageni wawili walifika na Land Cruiser yenye hema juu ya paa, wakielekea Serengeti. Asubuhi hiyo gari lilikataa kuwaka: friji lilikuwa limeinyonya betri usiku kucha. Walitaka betri ya pili. Fundi mwenye haraka angeunganisha chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, akapokea hela yake, na friji lingezimaliza betri zote mbili kwa pamoja. Mzee aliweka rilei katikati. Injini ikiwaka na altaneta ikapandisha chaji kupita volti 13, betri zinaungana; injini ikizimwa, zinaachana, na ile ya kuwashia gari inabaki na nguvu zake. Kwenye waya mnene alifunga fyuzi mbili, moja kando ya kila betri. Nilipouliza kwa nini moja isitoshe, alinishika mkono akanigusisha ncha moja ya waya, kisha nyingine. Waya wenye betri huku na huku una moto huku na huku.

Halafu akapiga magoti, akaanza kukwangua rangi kwenye bodi. Alikwangua mpaka chuma kikang'aa kama sarafu mpya, akakaza bolti ya ethi, akaipaka grisi. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko rilei, wageni wakitazama saa.

"Mura," akaniambia, "umeme ni ng'ombe. Usipomwonyesha njia ya kurudi bomani, atapitia shambani kwa mtu."

Soketi ya tela yenye pini saba aliifunga hata gizani: njano indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeupe ethi. Nyeupe ndiyo aliyoanza nayo kila mara.

Leo nikifungua soketi za matela hapa mpakani nakuta rangi hazina maana tena. Nyaya zimesokotwa kwa mkono, zimezungushiwa tepu ambayo jua limeshaifumua, na ethi imepigwa skrubu juu ya rangi. Dereva anavuka hivyo, anashuka mlima usiku, na anayemfuata anasubiri taa ya breki isiyowaka.

Alipokuwa akikaa mzee sasa pana kibanda cha chaja za simu. Mti ulikatwa. Ukiinama karibu na kisiki utaona bado matone ya risasi yake ya kuchomelea nyaya, yameganda kwenye udongo.