Nchi haipangi foleni, kituo ndicho kinachopanga

Ukitaka kubadili utaratibu wa kazi una njia mbili: ujaribu moja kwa moja kwa watu, au uanze kwenye kompyuta. Ivor Langley na wenzake, Watanzania wakiwemo, walichagua kompyuta katika makala yao ya mwaka 2014 kwenye jarida la Lancet Global Health. Swali lao: tubadili vipi upimaji wa kifua kikuu Tanzania? Tuboreshe hadubini, tutumie kipimo cha Xpert kwa wenye VVU tu, au kwa kila anayeshukiwa?

Kilichonivutia ni kwamba waliunganisha mifano miwili. Mmoja unamfuata mgonjwa ndani ya mfumo wa upimaji, mwingine unafuata maambukizi kwenye jamii. Jibu: Xpert kwa wote inastahili gharama yake.  Jibu hilo usingelipata kwa kukisia mezani.

Shida yangu ni kwamba jibu ni la nchi nzima, na nchi haipangi foleni.

Hebu chukua Nainokanoka, kule juu karibu na kreta ya Olmoti, tufanye hesabu ya kufikirika. Mashine ya Xpert yenye nafasi 4, kila kipimo kama saa 2. Siku ya saa 8 inapima sampuli 16, wiki ya siku 5 inapima 80. Tuseme vijiji vinaleta 50 kwa wiki. Kwa wastani mashine inapumzika kabisa!

Lakini makohozi hayaji kumi kumi kila asubuhi. Yanakuja na pikipiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi, 25 kwa mpigo. Tisa zinalala. Masika barabara ikikatika, mzigo wa Jumatatu unafika Alhamisi pamoja na wa pili, na sampuli ya mwisho inapimwa Jumanne ya wiki inayofuata. Mashine ile ile, wastani ule ule, ila mgonjwa kakaa bomani na familia yake siku zote hizo akikohoa.

Kwa hiyo makala isome, ni nzuri kwa kweli. Ila wilaya ikitaka kuitumia, iuendeshe mfano upya kwa takwimu zake. Daftari la kituo linatosha kuanzia: tarehe ya kutoa makohozi, tarehe ya kufika maabara, tarehe ya majibu kumfikia mgonjwa. Mimi ningeanza na hiyo ya tatu.