Kamera Isiyo na Kioo

Mama alisimama mbele ya nyumba yake ya mbao hapa Itebero, Walikale, kitenge kipya kiunoni, nyuma yake mbingu nyeupe ya kabla ya mvua. Nilipoinua kamera, uso wake ukaonekana mweusi tii kwenye kitundu cha kutazamia: weupe wa mbingu ulikuwa umeidanganya kamera. Nikazungusha gurudumu la mwanga kwa kidole gumba, mara tatu, na uso ukaanza kujitokeza: mikunjo ya pembeni mwa macho, kisha jasho juu ya mdomo, kisha tabasamu alilokuwa akilizuia. Ndipo nikapiga.

Kwa hilo naipenda kamera ndogo isiyo na kioo. Katika kamera tulizojifunzia, kioo kilicho nyuma ya lenzi huupandisha mwanga hadi jichoni. Unamwona mtu alivyo, huioni picha itakavyotoka. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa Lumix G1, kioo kikaondolewa, jicho likapewa kiskrini kidogo kinachoonyesha picha yenyewe kabla haijapigwa. Anayepiga ngozi nyeusi chini ya mbingu angavu ya Walikale anajua thamani ya jambo hilo.

Mzee aliyenifundisha kazi hakubali. "Mwanangu," huniambia, "kioo hakili umeme." Anasema kweli. Nikon D7200 yake, kwa kipimo cha kiwanda, hufikisha picha 1,110 kwa batri moja. Sony a6000 yangu huishia 310 nikitazama kitunduni, maana kiskrini kile kinakula chaji hata wakati namsubiri bwana harusi atoke ndani. Na chaji yangu ni ya sola. Mawingu yakikaa siku mbili, kazi inalala. Afadhali yangu huchajiwa hata kwa pawabenki, nikiwa juu ya pikipiki kwenye matope ya barabara ya Hombo.

Tena haina kioo cha kukinga kihisio. Ukivua lenzi njiani, kihisio kiko uchi mbele ya vumbi na matone. Kwa hiyo sibadilishi lenzi nje ya nyumba. Usiku naifungia kamera ndani ya kopo pamoja na mchele uliokaangwa mkavu, unyonye unyevu, kwa sababu nimekwisha kupoteza lenzi moja kwa kuvu: nyuzi nyeupe, nyembamba kama za buibui, zilizoota katikati ya vioo vyake.

Yote hayo nayavumilia kwa ajili ya udogo wake. Ya Mzee ina gramu 765, yangu 344. Na hapa Kongo udogo huo si jambo dogo. Mwaka 1904 huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja, Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake vilivyokatwa, na picha hiyo ikauonyesha ulimwengu Kongo ya mpira ya Mfalme Leopold II. Nchi hii inajua kamera inaweza kufanya nini. Inajua bunduki pia. Nimeona watu wakikaza shingo mbele ya lenzi ndefu inayowaelekea. Mbele ya kamera inayoenea kiganjani, wanaendelea kumenya mihogo na kuzungumza, na ninawapata wakiwa wenyewe.

Mzee hajaiacha Nikon yake. Harusi ikiwa ya siku mbili, namwita tufanye kazi pamoja.