Fundi wa Pedi wa Mji Mpya

Katika vibanda vya gemu vya Morogoro, mpira ndio unaotawala. Lakini fundi mmoja wa Mji Mpya, anayetengeneza pedi za PlayStation 2, haijaribu kazi yake kwa mpira. Huijaribu kwa The Simpsons: Hit & Run, gemu iliyotengenezwa mwaka 2003 na kampuni ya Radical Entertainment ya Vancouver, Kanada, kutokana na katuni ya kuchekesha iliyoanza kurushwa na televisheni ya Marekani mwaka 1989. Sababu yake ni ya kifundi. Kwenye mpira wachezaji hawatulii, kwa hiyo ubovu mdogo wa analogi, kile kijiti kinachosukumwa kwa kidole gumba, hujificha. Homer Simpson, baba wa familia ya katuni hiyo, akiachwa barabarani bila kuguswa anatakiwa abaki pale pale. Akisogea hatua moja, pedi haijapona.

Kijana anaingia na pedi nyeusi mkononi.

"Shikamoo, fundi. Inatembea yenyewe."

"Marahaba, mwanangu. Upande gani?"

"Kushoto."

Fundi hafungui kitu kwanza. Anakunjakunja waya pale unapoingilia kwenye pedi, kwa kuwa nyingi hukatikia hapo. Waya ni mzima. Kisha anazungusha analogi taratibu kwa kidole gumba, akisikiliza mkwaruzo.

Ndipo anachukua bisibisi ndogo ya nyota. Skrubu saba za mgongoni zinatoka moja moja na kulala juu ya sumaku ya spika ya zamani, kwa mpangilio ule ule zilivyokaa kwenye pedi. Ganda linafunguka, zinaonekana mota mbili za mtetemo, bodi ya kijani na utando mwembamba wa plastiki unaopokea mibonyezo ya vitufe. Vumbi na jasho la mikono vimegandamana kwenye kona. Pedi zinazoteremka kutoka Kinole, upande wa mashariki wa Uluguru unaopata mvua nyingi, huja pia na kutu. Fundi analainisha uchafu kwa spiriti, anaupiga mswaki mpaka utoke, kisha anaiacha bodi ikauke. Wakati huo hashiki kitu kingine.

Ndani ya kila analogi mna vipimio viwili vidogo vya ukinzani: kimoja cha kushoto na kulia, kingine cha juu na chini. Kila kimoja kina njia ya kaboni ambayo kidole cha chuma hutembea juu yake, na kaboni ikilika, mashine husoma mwendo ambao hakuna aliyeuagiza. Hiki cha juu na chini ndicho anachokishuku. Kimeshikiliwa na miguu mitatu. Anaongeza risasi mpya juu ya ile kuukuu ili iyeyuke sawasawa, halafu anainyonya kwa msuko wa nyaya za shaba. Mguu wa mwisho unakataa. Fundi anaondoa chuma cha kuchomelea, anasubiri bodi ipoe, anaanza tena. Angevuta kwa nguvu, kipande cha shaba kingebanduka kwenye bodi na pedi ingekufa moja kwa moja.

Kipimio kikishatoka, anakigusisha kwenye mita na kukizungusha. Namba inapaswa kupanda bila kuruka hadi karibu omu 10,000. Hiki kinaruka katikati. Kwenye kopo la vipuri vya pedi zilizokufa anachagua vingine, anavipima kimoja baada ya kingine, anavikataa, mpaka kinapatikana ambacho namba yake inapanda vizuri. Anakipachika na kukichomelea, kila mguu ukipata risasi kidogo inayong'aa.

Mwenye pedi alilalamikia analogi tu. Fundi anakagua pia kisponji kinachokandamiza utando kwenye bodi, kwa sababu kikilegea vitufe hujibonyeza vyenyewe. Kimesinyaa. Anakata kipande chembamba cha kandambili kuukuu, anakiweka mahali pake. Kazi hiyo hakuombwa.

Diski inazunguka, Springfield, mji wa gemu hiyo, unafunguka. Homer amesimama. Tunamtazama, hasogei. Kisha fundi anampandisha garini na kuendesha polepole kwenye kona ndefu, kwa sababu mwendo wa polepole ndio unaofichua analogi isiyo sawa. Gari linapinda kadiri kidole kinavyopinda. Gemu hii ina ngazi 7, na walioitengeneza waliwatumia waandishi na waigizaji wa sauti wa katuni yenyewe, ili kila kichekesho kisikike kama kilivyo kwenye televisheni. Kichekesho huhitaji kufika kwa wakati wake. Pedi inayojiendesha yenyewe hukiharibu kabla hakijatoka, na kijana wa Morogoro hucheka pale tu kidole chake kinapotiiwa.

Uzalishaji wa PlayStation 2 ulikoma mwanzoni mwa mwaka 2013, baada ya mashine zaidi ya milioni 155 kuuzwa duniani. Zilizobaki zinaishi kwa mikono ya mafundi kama huyu, na nadhani ufundi wao unastahili heshima ile ile tunayowapa waliotunga gemu. Pedi yako ikianza kutembea yenyewe, usiitupe. Ipeleke kwa fundi, mlipe anachostahili, na kama nyumbani kuna kijana mwenye mkono mtulivu, mwombee nafasi kwenye meza ya fundi ajifunze.