Fundi wa Moto Mdogo

Anayetaka kuisifu mikono ya watu wa Lamu huenda Matondoni kuwatazama maseremala wakipanga mataruma ya mashua, au husimama mbele ya mlango wa kale mjini akifuata kwa macho maua yaliyochongwa kwenye mbao. Sifa hizo wanazistahili. Lakini vyombo vingi vinavyokatiza leo kati ya Amu, Manda na Pate vinasukumwa na mashine ya nyuma, na mashine hiyo nayo ina fundi wake. Huyu hakuna mtalii anayempiga picha. Hukaa kivulini, mikono imejaa oili, mashine mbele yake imevuliwa kofia, na anacholinda ni cheche ya moto yenye urefu wa milimita moja hivi.

Safari ya cheche hiyo ni fupi, tena ina mitego mingi. Gurudumu lenye sumaku likizunguka huzaa umeme; umeme hukusanyika ndani ya kisanduku kiitwacho CDI, kisha huachiliwa kwa ghafla uende kwenye koili; koili huupandisha hadi maelfu ya volti, na plagi huutema ndani ya silinda. Mashine zile zinazochanganyiwa oili na petroli, zikizunguka mara 5,000 kwa dakika, hudai cheche zaidi ya 80 kwa sekunde katika kila silinda. Zikipotea chache, mashine inamisi. Zikipotea zote, chombo kinabaki mikononi mwa mkondo.

Katika visiwa hivi kila kitu kinafanya njama ya kuzipoteza. Umeme hupenda njia nyepesi, na utando wa chumvi wenye unyevu huufungulia njia hiyo: badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi, huteleza juu ya kauri na kuishia kwenye chuma. Kutu hula viungo vya waya kwa ndani huku ngozi ya nje ikibaki nzima. Hata swichi ya kuzimia ni adui. Chumvi ikiingia ndani yake huziunganisha nyaya mbili, na mashine huamini kwamba imeamriwa kusimama ilhali hakuna mkono ulioigusa.

Hapo ndipo ufundi unapoanza, nao unaanza kwa swali. Nahodha akisema, "Fundi, haina moto," fundi mzuri hakimbilii spana. Anauliza, "Imezimikaje?" Mashine iliyodhoofika polepole, ikikohoa na kushika tena, humpeleka kwanza kwenye petroli, kabureta na chujio. Iliyokatika ghafla ikiwa katika mwendo wake humpeleka kwenye moto. Kisha anafungua plagi na kuisoma: ya kahawia imekuwa ikiunguza vizuri, nyeusi yenye majimaji haikuunguza, nyeupe imepata joto kupita kiasi. Anaiegemeza kwenye chuma, mbali na petroli, kamba inavutwa, naye anatazama. Cheche ya buluu yenye mlio humpa moyo, lakini haimpi uhakika, kwa maana anajua kwamba ndani ya silinda hewa imebanwa na cheche hupata taabu zaidi kuruka kuliko hapa nje.

Ugonjwa unaomjaribu kuliko yote ni wa koili inayokufa ikipata joto. Baharini mashine inazimika. Hadi inaletwa ufukweni imeshapoa, na inawaka kwa mvuto wa kwanza, kama mgonjwa anayepona akifika mlangoni pa zahanati. Fundi wa haraka hupokea malipo na kusema imepona. Fundi wa kweli huiacha ingurume hadi ipate joto, akingoja ubaya urudi.

Asiyeona ugumu wa kazi hii na aikumbuke Bahrain, Machi 2010. Sebastian Vettel alikuwa akiongoza mashindano ya Formula One pale nguvu za gari lake zilipopungua. Timu ya Red Bull, yenye vifaa vya kupima kila mtetemo wa gari, kwanza ilidhani bomba la moshi ndilo lililovunjika. Baadaye ikajulikana kwamba ilikuwa plagi. Fernando Alonso alimpita akashinda. Vettel akamaliza wa nne, akipata pointi 12 badala ya 25. Mwisho wa msimu alitwaa ubingwa kwa tofauti ya pointi nne tu juu ya Alonso huyo huyo. Plagi moja ilikaribia kumnyima taji.

Hapa kwetu, Safari Rally ilifundisha somo hilo kwa matope na mito. Mwaka 1968 magari 93 yaliondoka, yakamaliza saba. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa ameshika spana kabla ya kuwa dereva mashuhuri, na katika mashindano ya aina ile sikio la fundi lilikuwa na thamani sawa na mguu wa dereva.

Nahodha wa Lamu hagombei kombe, lakini naye anakimbizana na saa. Mfereji wa Mkanda hupitika vizuri maji yakijaa; yakipwa, mashine iliyozimika hapo humwacha na abiria wake kati ya tope na mikoko hadi maji yarudi. Mama mwenye uchungu anayeletwa hospitali kutoka Faza au Kizingitini hawezi kungoja maji yajae. Dereva wa Bahrain alipoteza pointi 13. Hapa hasara haihesabiwi kwa pointi.

Ndiyo maana nasema ufundi huu usimame bega kwa bega na ule wa Matondoni. Kazi ya seremala huonekana ikifaulu. Kazi ya fundi wa mashine huonekana ikishindwa, na kwa hiyo anasikia lawama kuliko shukrani. Hata hivyo analolijua ni adimu: kubadili kitu kimoja kwa wakati, kupima kabla ya kutupa, kutoamini dhana yake ya kwanza. Kijana anayempitishia spana anafunzwa hayo kila siku, na kuna vyuo vinavyotoza karo kubwa ambavyo havijaweza kuyafunza.